Rupert wa Rhine (1619–1682): tusimpime kwa farasi tu, tuingie na karakana yake

#1 – Karakana_Kongwe

Wakuu, habari za wakati huu.

Ukisoma habari za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Uingereza, Mwanamfalme Rupert anaonekana mara nyingi kama kijana wa farasi aliyejua kushambulia asijue kurudi. Hiyo ni robo tu ya habari yake. Mtu huyu alichonga mabamba ya picha, alisubu mizinga, aliuliza swali la hesabu ambalo watu wamelihangaikia hadi juzi, na jina lake lilibandikwa kwenye nchi yenye ukubwa wa mara nne wa Tanzania. Naomba uzi huu uwe wa kazi zake zote, na kila mwenye fani yake aingie.

Msingi kwanza. Alizaliwa Prague Desemba 1619. Baba yake, Frederick V, alikuwa ametawazwa mfalme wa Bohemia mwezi mmoja tu kabla. Mama yake, Elizabeth Stuart, ni binti wa Mfalme James I wa Uingereza. Novemba 1620 baba akashindwa vita ya Mlima Mweupe, familia ikakimbia, na katika purukushani hiyo kichanga Rupert nusura asahaulike ndani ya kasri. Akakulia The Hague, Uholanzi, mwana wa mfalme asiye na nchi. Huko mtoto wa kiume wa ukoo wake alikuwa na kazi moja iliyomngoja, nayo ni uaskari. Akiwa bado kijana mdogo alishakuwa kwenye mazingiwa ya mji wa Rheinberg, Ujerumani.

Oktoba 1638 alitekwa Vlotho, Ujerumani, akafungwa Linz, Austria, hadi 1641. Walimtaka abadili dini awe Mkatoliki, akakataa. Miaka hiyo mitatu ndiyo ya kuitazama kwa makini, maana hapo ndipo alipopata muda wa kuchora, kuchonga na kutengeneza chombo cha kuchorea vitu kwa vipimo sahihi vya umbali, aina aliyoieleza mchoraji Mjerumani Dürer miaka mia moja kabla. Hapo hapo ndipo alipopewa yule mbwa wake mweupe, Boy, aliyemfuata vitani hadi akauawa kwenye pigano la Marston Moor, Uingereza, tarehe 2 Julai 1644.

Mwaka 1642 mjomba wake, Mfalme Charles I, aliyekuwa akiingia vitani dhidi ya Bunge lake, alimpa ukuu wa askari farasi wake wote. Alikuwa na miaka 22 na urefu wa futi 6 na inchi 4.

#2 – Mpanga_Safu

Mkuu Karakana, asante kwa uzi. Niingie kwenye farasi kabla hujawapita, kwa sababu hata huko alikuwa fundi.

Wakati ule askari farasi wengi wa Ulaya walipigana kwa mtindo wa kusogea karibu, kupiga bastola, kugeuka na kwenda kupakia upya. Safu zilikuwa nene, watu watano au sita kwenda nyuma. Rupert akafuata mtindo wa Wasweden: safu tatu tu, goti la mpanda farasi likigusa la jirani yake, bastola haipigwi mpaka mmeshaingia ndani ya adui. Mshtuko wa farasi na upanga ndio silaha. Bastola ni ya kumalizia.

Kwenye pigano la Edgehill, tarehe 23 Oktoba 1642, mtindo huu ulifanya kazi na papo hapo ukaonyesha kasoro yake. Bawa la kulia la Rupert liliwavunja wapanda farasi wa Bunge, ambao walikuwa wamesimama wakingoja na wakafyatua risasi mapema mno. Kisha askari wake wakawafukuza hadi kijiji cha Kineton, kwenye mizigo ya adui. Hata kikosi cha akiba kikajiunga na mbio hizo. Waliporudi, farasi walikuwa hoi, na askari wa miguu wa mfalme walikuwa wameshaumia vibaya, hata bendera ya mfalme ilitekwa kwa muda.

Watu wanasema "hasira za ujana". Mimi nasema tatizo lilikuwa mafunzo. Shambulio la kasi ni rahisi kulifundisha kwa wiki chache. Kusimamisha farasi mia kadhaa waliokwisha kuchemka na kuwapanga upya ni kazi ya miezi. Cromwell, kamanda wa farasi wa upande wa Bunge, aliliona hilo na akawazoeza watu wake kusimama baada ya kushinda. Kwenye pigano la Naseby, 14 Juni 1645, Rupert alishinda tena upande wake akaishia tena kwenye mizigo ya adui, huku Cromwell amebaki na kikosi mkononi cha kumalizia kazi.

#3 – Karakana_Kongwe

Nakubaliana nawe, mkuu. Naongeza mji wa Lichfield, Aprili 1643, kwa wanaodhani alijua mbio tu. Watu wa Bunge walijifungia ndani ya eneo la kanisa kuu lenye ukuta na handaki la maji, naye hakuwa na mizinga mizito ya kubomoa. Akakusanya wachimbaji 50 wa eneo lile, wakakausha handaki, wakachimba chini ya ukuta na kujaza baruti. Tarehe 20 wakalipua, tarehe 21 ngome ikajisalimisha. Huo ndio mlipuko wa kwanza wa aina hiyo kwenye ardhi ya Uingereza.

#4 – Fundi_Kioo

Wakuu, jina lake limebaki kwenye kioo pia. Vile vitone vya kioo vinavyoitwa "matone ya Rupert" hakuvivumbua yeye. Vilijulikana kaskazini mwa Ujerumani kabla yake. Alivileta Uingereza 1660, Mfalme Charles II (mwana wa Charles I) akawapa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, wavichunguze mwaka uliofuata.

Namna vinavyotengenezwa: unayeyusha kioo cha kawaida cha soda na chokaa (cha chupa kinafaa) mpaka kidondoke chenyewe kutoka kwenye fimbo. Kinaanguka kwenye ndoo ya maji baridi yenye kina cha kutosha ili kisigonge chini kikiwa bado laini. Kinatoka na kichwa kama ndimu ndogo na mkia mrefu uliojikunja. Gonga kichwa kwa nyundo, hakivunjiki. Bana mkia kidogo kwa koleo ukatike, na tone zima linageuka unga kwa mshindo.

Sababu yake ni hii. Maji yanagandisha ngozi ya nje kwanza wakati moyo wa ndani bado ni moto. Moyo ukipoa baadaye unataka kusinyaa, lakini ngozi imeshakuwa ngumu na haimfuati. Matokeo yake ngozi imebanwa kwa nguvu na moyo umevutwa. Vipimo vya miaka ya hivi karibuni vinaonyesha mbano wa ngozi ya kichwani unafika karibu megapaskali 700 (kipimo cha mgandamizo), kwenye tabaka lenye unene wa takriban asilimia 10 ya kipenyo cha kichwa. Ufa hauanzi mahali palipobanwa. Lakini ukikata mkia, ufa unaingia moja kwa moja kwenye ule moyo uliovutwa na kukimbia zaidi ya mita 1,400 kwa sekunde.

Kinachoharibika:
- Kioo cha maabara kinachostahimili moto (chenye boroni) hakifai, kwa sababu kinatanuka na kusinyaa kidogo mno.
- Vingi hupasuka ndani ya maji, hasa kioo kikiwa na uchafu au mapovu. Kati ya vitone kumi usishangae kupoteza nusu.
- Utaona kipovu ndani ya kichwa. Mara nyingi si hewa, ni uwazi ulioachwa na moyo uliosinyaa.
- Ukikipasha tone mpaka liwe jekundu na kulipoza taratibu, linarudi kuwa kioo cha kawaida. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliliandika hilo 1665. Yeye pia alipaka matone gundi ya samaki kabla ya kuyavunja, ili vipande visitawanyike aone ufa ulivyopita. Akili kubwa hiyo.

Miwani ya kazi ni lazima, na tone livunjwe ndani ya kitambaa kizito au boksi la plastiki. Unga ule unaingia machoni kabla hujapepesa.

#5 – Dada_Saida

Kaka Fundi, kwa hiyo vioo vya pembeni vya daladala vinavyovunjika punje punje ni jambo hilo hilo?

#6 – Fundi_Kioo

Ndilo hilo, dada. Kiwandani wanapasha kioo kisha wanakipuliza hewa baridi pande zote mbili badala ya kukitumbukiza majini. Mbano wake ni mdogo kuliko wa tone la Rupert lakini kanuni ni moja. Ndiyo maana kioo hicho ukishakipasha namna hiyo huwezi tena kukikata wala kukitoboa. Kila tundu la skrubu linatobolewa kabla. Na ndiyo maana wezi hugonga kwenye kona kwa kitu chenye ncha kali: wanatafuta njia ya kufika kwenye moyo.

#7 – Bamba_la_Shaba

Nimengoja tufike kwenye picha. Hapa ndipo Rupert anaponigusa zaidi.

Mezotinti ni njia ya kuchapa picha kwa vivuli badala ya mistari. Aliyeanza ni Ludwig von Siegen, naye pia mwanajeshi, kwa picha ya Amelia Elisabeth wa Hesse-Kassel mwaka 1642. Siegen alitumia kigurudumu chenye meno, akitia giza pale alipolitaka tu, yaani kutoka kwenye mwanga kwenda gizani. Rupert alijifunza njia hiyo Ujerumani miaka ya 1650, akaigeuza: tia bamba zima giza kwanza, kisha utoe mwanga ndani yake. Kwa hilo anahusishwa na chuma cha kubembeza, patasi pana yenye ukingo wa mviringo uliojaa meno.

Kazi inaenda hivi. Bamba la shaba nyekundu linasuguliwa mpaka liwe kioo. Unashika chuma kimesimama wima, unakibembeza kulia na kushoto huku kikisogea mbele chenyewe. Kila jino linatoboa kishimo na kuinua kinyweleo cha shaba pembeni yake. Ukimaliza bamba zima, unageuza mwelekeo kidogo na kuanza upya. Mizunguko 20 ni michache. Wanaotaka weusi wa mahameli hufika 40 na kuendelea. Bamba la ukubwa wa daftari linakula siku nyingi kabla hujachora hata pua. Ukilipaka wino wakati huu na kulichapa, unapata weusi mtupu.

Ndipo unachukua kikwaruzo na kupunguza vile vinyweleo. Pa kijivu unakwaruza kidogo, pa mwanga mkali unakwaruza mpaka chini kisha unang'arisha kwa chuma laini, wino usipate pa kushika. Uso wa mtu unatoka gizani polepole, paji la uso kwanza.

Makosa ya kawaida: kubembeza bila mpango kunaacha michirizi myeupe inayoonekana kwenye kivuli. Kikwaruzo butu hakikati vinyweleo, kinavilaza tu, na rangi inakuwa chafu. Kufuta wino kwa nguvu kunavunja vinyweleo. Karatasi kavu haiingii kwenye vishimo, lazima ilowekwe. Na hata ukifanya yote sawa, kila unapochapa, kinu kinabonyeza bamba. Chapa bora ni chache tu, baada ya hapo weusi unakuwa kijivu.

Kazi yake kuu ni "Mnyongaji Mkubwa" ya 1658, yenye alama yake na mwaka. Ni kubwa, kama sentimita 63 kwa 44, kutokana na mchoro ulionasibishwa na mchoraji Mhispania Ribera: mtu ameshika upanga na kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mchoraji Wallerant Vaillant alimsaidia katika kazi za mezotinti. Mapema 1661 Rupert alimwonyesha mwandishi Mwingereza John Evelyn njia hii kwa mkono wake mwenyewe, na kitabu cha Evelyn cha 1662 kikatoka na kichwa cha yule mnyongaji kikiwa kimechongwa upya na Rupert kwa udogo. Ajabu ni kwamba Evelyn aliificha njia yenyewe kwa maneno ya mzunguko, na siri haikudumu.

#8 – Binti_Hesabu

Swali lake la hesabu: una michemraba miwili iliyo sawa kabisa. Je, unaweza kutoboa tundu kwenye mmoja, mwingine ukapita humo, na uliotobolewa usikatike vipande? Akili inasema haiwezekani. Rupert aliwekeana dau kwamba inawezekana, na mwanahesabu Mwingereza John Wallis akatoa jibu kwa maandishi 1693.

Jibu la Wallis: tazama mchemraba kwa kuusimamisha kwenye pembe yake, macho yakielekea pembe ya mkabala. Umbo unaloliona ni pembesita. Kwa mchemraba wenye ubavu wa 1, ndani ya pembesita hiyo unaenea mraba wenye ubavu wa 1.035. Kwa hiyo mwenzake mwenye 1 anapita.

Mholanzi Pieter Nieuwland aliboresha karne iliyofuata: 1.0607, yaani mara tatu ya kipeuo cha pili cha 2, gawa kwa 4. Mwenye karakana ya mbao anaweza kuupata mraba wa Nieuwland hivi, kwa mchemraba wa sentimita 10:

1. Chagua pembe moja. Kwenye kingo mbili kati ya tatu zinazotoka hapo, pima sentimita 7.5, weka alama.
2. Nenda pembe ya mkabala kabisa. Chagua kingo mbili zilizo sambamba na zile za kwanza, pima tena 7.5.
3. Alama nne hizo ni pembe za mraba wa sentimita 10.6. Tundu linaelekea wima kwa mraba huo.

Una nafasi ya milimita 6 jumla, 3 kila upande. Mbao inasumbua kwa sababu kuta zinazobaki ni nyembamba mno kwenye kona, na nyuzi za mti zikielekea vibaya kona inaruka. Plastiki ya printa ya 3D inatoka vizuri.

Kwa miaka mingi watu walidhani kila umbo mbonyeo (lisilo na sehemu iliyoingia ndani) lenye nyuso bapa lina sifa hii. Mwaka 2025 Jakob Steininger na Sergey Yurkevich wakaonyesha moja lisilonayo: pembe 90, kingo 240, nyuso 152. Miaka zaidi ya mia tatu baada ya dau.

#9 – Nahodha_Mwambao

Nimesoma yote kwa heshima, lakini Karakana amesema tuweke "kazi zake zote". Basi tuiweke na Afrika.

Baada ya mfalme kushindwa, Rupert aligeuka mtu wa bahari. Alitoka Uholanzi Januari 1649 na merikebu chache hadi Kinsale, Ireland, akafukuzwa na Robert Blake, amiri wa meli za Bunge, hadi Lisbon, akapoteza nyingi Cartagena, Hispania, 1650. Mwaka 1651, karibu na visiwa vya Azores, merikebu yake kuu, Constant Reformation, ilivuja ikazama na watu zaidi ya 300. Mapema 1652 alikuwa mto Gambia, akiteka meli na kusikia habari za dhahabu ya bara. Septemba mwaka huo kimbunga cha Karibi kikamchukua ndugu yake Maurice. Alirudi Ufaransa Machi 1653 akiwa na kidogo sana mkononi.

Zile habari za dhahabu hazikuishia hewani. Ufalme uliporudishwa 1660 chini ya Charles II, Kampuni ya Kifalme ya biashara ya Afrika iliundwa, Rupert akiwa miongoni mwa wenye hisa. Robert Holmes, aliyekuwa naye Gambia, akatumwa huko na 1661 akakiteka kile kisiwa cha mtoni ambacho leo kinaitwa Kunta Kinteh. Hati mpya ya 1663 ilitaja watumwa waziwazi. Kampuni iliyoirithi 1672, Royal African Company, ilisafirisha takriban watu 150,000 hadi miaka ya 1720, wengi kuliko kampuni nyingine yoyote moja katika biashara ile. Anayesifu bamba la shaba asiiruke daftari hii.

#10 – Karakana_Kongwe

Nahodha, nashukuru, na umenisahihisha. Nilikuwa nimeiweka Gambia kama kituo tu cha safari. Mtu yule yule aliyechukua habari za dhahabu za Gambia na kuzifikisha London ndiye aliyesikiliza habari za Wafaransa wawili, Groseilliers na Radisson, kuhusu ngozi za biva, mnyama wa maji baridi, kwenye ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Amerika. Mwaka 1668 meli mbili zilitumwa. Eaglet ilirudi njiani kwa dhoruba. Nonsuch ilifika, ikakaa majira ya baridi kwenye mto uliopewa jina la Rupert, ikarudi 1669 na ngozi. Tarehe 2 Mei 1670 kampuni ya Hudson's Bay ikapata hati, Rupert gavana wa kwanza hadi kufa. Eneo lote la mito inayoingia ghuba hiyo, karibu kilomita za mraba milioni 3.9, likaitwa Nchi ya Rupert, bila wenyeji wake kuulizwa. Likauzwa kwa Kanada miaka 200 baadaye kwa pauni 300,000. Ni akili moja kwenye mafaili mawili, na sioni namna ya kulitenganisha moja na jingine.

#11 – Mhunzi_wa_Zamani

Nimalizie madini. Mwaka 1668 alifanywa mlinzi mkuu wa kasri la Windsor, na Mnara wa Duara wa hapo ukawa na tanuru na maabara yake. Evelyn alipotembelea 1670 alikuta kuta za ukumbi zimepangwa mikuki, bunduki na bastola kwa mpangilio wa mapambo.

Mizinga yake ilikuwa ya chuma cha kusubu kilichopashwa tena na kupozwa taratibu, kisha kukerezwa. Chuma cha kusubu cha kawaida kina mikazo ndani, na mzinga ukipata moto vitani unaweza kupasukia wapigaji wake. Kukipoza taratibu kunaondoa mikazo, kukereza kunaufanya uwe mwepesi na wenye unene sawa. Ulishindwa kwa bei: karibu mara tatu ya mzinga wa kawaida, na jeshi la majini lilihitaji mamia. Mkuu Fundi_Kioo ataona jambo la kupendeza: kwenye kioo mikazo ya kupoa haraka ndiyo tamaa yenyewe, kwenye mzinga ndiyo adui.

Halafu kuna "madini ya Mwanamfalme": shaba nyekundu sehemu tatu, zinki sehemu moja, rangi karibu na dhahabu, ya vifungo na mapambo. Anayetaka kuyayeyusha ajue hesabu hii: shaba inayeyuka nyuzi 1,085 za Selsiasi, zinki inachemka nyuzi 907. Ukiviweka pamoja tangu mwanzo, zinki inapaa kama moshi mweupe na unabaki na shaba. Yeyusha shaba kwanza chini ya mkaa, tumbukiza zinki mwishoni iende chini kabisa, koroga, mimina haraka. Moshi ule ukiuvuta, jioni utatetemeka kama mwenye malaria. Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni.

#12 – Mpanga_Safu

Mkuu Mhunzi, hiyo mizinga ilipigana kweli au ilibaki majaribio?

#13 – Mhunzi_wa_Zamani

Ilipanda merikebuni, mkuu. Royal James, ya daraja la kwanza, ilifungwa mizinga ya aina hiyo. Rupert mwenyewe aliongoza meli za Uingereza dhidi ya Wadachi mwaka 1673, mara mbili Schooneveld na mara ya tatu Texel, pwani ya Uholanzi, tarehe 11 Agosti, bila ushindi, mbele yake yupo De Ruyter, amiri wa Wadachi. Hiyo ndiyo ilikuwa vita yake ya mwisho. Alirudi Windsor kwenye tanuru, akafa kwa ugonjwa wa mapafu London tarehe 29 Novemba 1682, akazikwa Westminster Abbey.